Uchambuzi wa kisa: mimba kwenye kovu la operesheni, na upande wa kushoto ambao sikuupima

Kwa nini naandika hiki kisa

Mimi napiga skani hapa Malindi, mwaka wa kumi na moja huu nashika probu, kile kichwa cha mashine ya skani kinachowekwa mwilini. Mama mwenyewe aliniruhusu nieleze yaliyompata, nami nimeondoa jina, kijiji, tarehe na hospitali, umri nimeugeuza kidogo, lakini vipimo na mfuatano wa mambo ni vile vile. Nawaandikia wenzangu wa skani, ma-CO (maafisa wa kliniki), masista wa wodi ya kina mama, na daktari yeyote anayefanya kazi mahali ambapo damu ikiisha kwenye friji basi nyingine iko Mombasa, kilomita 120 na foleni ya Mtwapa katikati. Picha inaweza kukuonya mapema kwamba huyu akiingia thieta atavuja sana. Hilo nalijua na nlilifanya. Ila onyo langu lilikuwa pungufu, manake nlipima mahali pamoja nikaridhika, na maamuzi yote ya wale walionifuata yalisimama juu ya hiyo namba yangu moja.

Huyu mama na mimba yake

Ana miaka thelathini na kidogo, anaishi ng'ambo ya mto Sabaki, mumewe mvuvi. Watoto wawili, wote walitoka kwa operesheni. Ya kwanza ilikuwa ya dharura, uchungu ulimchukua usiku mzima mpaka njia ikafunguka yote na mtoto bado hashuki, ya pili ilipangwa. Tangu hiyo ya pili ilikuwa imepita miezi 14 tu. Alikuwa ameacha sindano ya kupanga uzazi manake ilimvurugia siku zake, kwa hivyo alipokosa hedhi hakushtuka, alidhani ni mabaki ya sindano. Kama wiki ya saba ndo akaanza kuona matone, kwanza ya kahawia, afu mekundu. Maumivu hana. Hilo la kutokuwa na maumivu liwekeni akilini, kwa sababu ndilo linalowafanya kina mama wengi wa namna hii waonekane hawana jambo.

Kwa ambaye hajawahi kukutana nayo: mimba ya kwenye kovu ni ile iliyojipandikiza pale pale kizazi kilipokatwa kwa operesheni ya kuzaa. Lile kovu wakati mwingine halifungi sawasawa, linabaki na kishimo upande wa ndani, na mimba changa inakaa humo badala ya kupanda juu kwenye nafasi yake. Kisa cha kwanza kuandikwa kilitoka Afrika Kusini mwaka 1978 na kwa muda mrefu ilionekana kitu cha ajabu, saa hii hesabu inayotajwa sana ni mimba 1 kwa kila 1,800 mpaka 2,200 hivi, na kadiri operesheni za kuzaa zinavyozidi nazo zinazidi kuonekana.

Damu yake inatoka kwa nini? Hapa ntakaa kidogo, manake wengi tunajua kwamba inavuja bila kujua inavujaje. Sehemu ya juu ya kizazi ni nyama nene, mimba ikitoka ile nyama inajikaza na mishipa iliyopita katikati yake inabanwa kama unavyokaza kamba, damu inakata. Sehemu ya chini penye kovu hakuna nyama ya kutosha, kuna nyuzi ngumu za kovu, na nyuzi hazijikazi. Kwa hivyo ukiinyonya mimba pale, mishipa iliyokuwa inailisha inabaki mdomo wazi, na oksitosini, dawa ya kukaza kizazi, unaweza kuitundika mpaka dripu iishe, haina nyama ya kuikaza. Ndo maana mama aliyeletwa kuoshwa kawaida anaweza kuvuja mpaka kizazi kitolewe ili abaki hai, na wengine hawakubaki.

Karatasi aliyokuja nayo

Alikuwa ameshafanyiwa skani kliniki moja jana yake, juu ya tumbo peke yake, kibofu kimejaa. Ripoti ilikuwa mistari mitatu: kifuko cha mimba kiko chini karibu na mlango wa kizazi, mimba inatoka, apelekwe akaoshwe. Neno kovu halikuwemo wala hakuna mahali palipoandikwa ni operesheni ngapi.

Akaja kwetu na mamake mzazi kama saa tatu asubuhi, ile seti ya MVA, ile pampu ya mkono ya kunyonyea, ikawa imeshafunguliwa kwenye trei. Aliyesimamisha mambo ni sista wa zamu. Alipomlaza akaona kovu la tumboni, akamuuliza, akaambiwa operesheni mbili. Daktari alipompima mlango wa kizazi umefunga kabisa, damu ni ya kuchafua pedi tu. Sista akasema, "Daktari, mimba inatoka na mlango umefungwa? Naomba tungoje kwanza apigwe skani ya ndani." Daktari kijana, tena mwenye foleni ya wagonjwa kumi na wawili, akamsikiliza. Nimeambiwa mara nyingi kwamba mimi ndiye niliyegundua hii mimba. Si kweli. Aliyegundua ni sista, mimi nilithibitisha.

Nilichokiona

Nilimwomba akakojoe lakini abakize kidogo. Kibofu kikijaa kinauvuta ukuta wa mbele wa kizazi na vipimo vinakudanganya, kikiwa tupu kabisa unakosa ule mstari wa kibofu wa kupimia. Kwanza juu ya tumbo nione ramani yote, afu probu ya ndani.

Nafasi ya juu ya kizazi ilikuwa tupu, utando mzuri, hakuna kifuko. Njia ya mlango wa kizazi tupu pia. Kifuko kiko katikati ya hizo mbili, upande wa mbele, nyuma tu ya kibofu, kimechongoka kama pembe tatu kufuata kile kishimo cha kovu. Ndani yake kuna mtoto wa milimita 11, moyo unapiga 148 kwa dakika, hiyo ni wiki 7 na siku 2 hivi. Wastani wa kifuko milimita 23. Nikakisukuma taratibu na ncha ya probu, manake mimba iliyokwisha banduka inateremka na huwa inateleza ukiigusa, hii haikusogea hata kidogo. Hapo ile habari ya "mimba inatoka" ikaisha. Na mimba ya kwenye mlango wa kizazi nayo haikuwa, hiyo ingekaa chini zaidi na ukuta wa mbele juu yake ungekuwa mzima.

Nikawasha rangi, yaani Dopla, inayoonyesha damu inapopita. Skeli ya kasi niliishusha kwanza, ukiiacha juu mishipa ya damu ya polepole haionekani na unaandika "damu kidogo" kumbe ni mashine yako. Nusu nzima ya mbele ya kifuko ikawaka kama taji.

Sasa ukuta. Kutoka ukingo wa kifuko mpaka kibofu nilipima mara tatu: 2.1, 1.8, 2.0. Nikachukua ndogo, 1.8. Kote tatu nilikuwa mstari wa katikati, ile picha ya ubavuni ambayo kila mtu amefundishwa. Nikaandika mimba kwenye kovu, ukuta milimita 1.8, damu nyingi kwenye Dopla, kifuko kinaelekea ndani ya kizazi, hakijatokeza upande wa kibofu.

Ripoti sikuituma na mgonjwa. Niliipeleka kwa mguu, nikampigia konsaltanti, daktari bingwa wa kina mama, nikiwa njiani.

Tulivyokaa kuamua

Konsaltanti aliniuliza mambo matatu kwa mpigo, ukuta umebaki kiasi gani, kifuko kinaangalia wapi, na damu ikoje. Nikamjibu. Akaniambia maneno ambayo bado nayasikia: "Ukuta wa 1.8 unaoangalia ndani ntaunyonya hapa hapa nikiwa na damu painti nne. Ungeniambia umetokeza kwenye kibofu ningempeleka Mombasa leo leo."

Njia zilizokuwepo zilikuwa kadhaa. Kuosha kwa MVA bila kuangalia, au kukwangua, hiyo ilitupwa nje papo hapo. Sindano ya msuli ya methotreksati, dawa ya kuua chembe za mimba, peke yake nayo hakuitaka, moyo unapiga, hCG, ile homoni ya mimba kwenye damu, ilirudi 52,000, na hata dawa ikifanya kazi ile nyama inaweza kukaa pale wiki nyingi na kuvuja siku yoyote, mama mwenyewe yuko ng'ambo ya Sabaki na mvua zimeanza. Hata mwongozo wa SMFM, chama cha Marekani cha madaktari wa mama na mtoto aliye tumboni, wa 2020 na ule wa 2022, unasema wazi usitegemee methotreksati ya mwilini peke yake, usikwangue peke yake, na usikae kungoja. Kuziba mishipa ya kizazi kwa kupitia pajani ingekuwa kinga nzuri kabla ya kunyonya, huku kwetu haipo, na huko iliko bei yake ilikuwa juu ya uwezo wa familia. Kufungua tumbo moja kwa moja na kulikata kovu ilibaki kama mpango wa pili. Akachagua kunyonya huku skani inaangalia, mpira wa mkojo wa Foley ukiwa tayari kwa kukandamizia, na tumbo likiwa limeshapakwa dawa kabisa ikibidi kufungua.

Kuzungumza na familia ndiko kulikuchukua muda, na ilistahili. Mama mzazi alinishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, moyo umeuona wapiga, nawe wasema atolewe?" Konsaltanti alikaa nao chini, akachora kwenye karatasi. Hakuwaficha. Aliwaambia wapo wanaobeba mimba hizi mpaka mtoto akatoka hai, lakini kondo linaota kwenye kovu na kupenya mpaka kibofuni, na wengi wao wanapoteza kizazi, wengine wanachanika kabla hata mtoto hajakomaa. Katiba yetu, kifungu cha 26(4), inaruhusu mimba kutolewa pale maisha au afya ya mama iko hatarini kwa maoni ya mtaalamu wa afya, na hilo liliandikwa kwenye faili na kutiwa sahihi. Mume akaomba ampigie ustadhi wake. Wakaongea nje kama nusu saa, akarudi amelia, akasema, "Daktari, mama watoto kwanza." Mama mwenyewe ndiye aliyeamua na kutia sahihi.

Damu: kundi O chanya, Hb (kiwango cha damu) 10.4, kwenye friji painti mbili. Nyingine mbili zilipatikana hospitali ya jirani zikaja jioni kwa ambulensi. Vijana wa boda wa kijijini kwao walikuja sita kuchangia, Mungu awabariki, ila damu ya leo haiongezwi mgonjwa leo, lazima iende Mombasa ikapimwe kwanza, kwa hivyo yao ilikuwa ya kurudisha. Tukapanga asubuhi ya kesho saa mbili, watu wote wakiwa kazini.

Ndani ya thieta

Alilazwa usingizi kamili, sindano kubwa mikono yote miwili, traneksamiki, dawa ya kusaidia damu kuganda, gramu moja ikapita. Nilisimama kulia kwake, probu juu ya tumbo, kibofu kimewekwa maji kidogo nipate dirisha. Konsaltanti akaingiza mrija wa kunyonyea polepole nikimwongoza, hakukwangua pale kwenye kovu. Dakika ya nne kifuko kikatoka, nikakiona kinapotea kwenye skirini. Chupa ya kunyonyea ilikuwa na mililita 250 hivi.

Afu ikaanza. Damu ikaja mfululizo, nyekundu mbivu. Mpira wa Foley ukaingia, ukajazwa mililita 25, kumbe umepanda juu kwenye nafasi ya kizazi haukandamizi kitu. Nikasema "uko juu, daktari, ushushe", ukatolewa maji, ukavutwa chini mpaka nikauona umekaa sawa kwenye kovu, ukajazwa tena. Damu ya chini ikakata, chumba kizima kikapumua.

Mimi nikaendelea kuangalia, na nawaomba wenzangu, damu ya chini ikikata msiondoe probu. Kushoto, nyuma ya kibofu, kulikuwa na kitu cheusi ambacho dakika mbili nyuma hakikuwepo. Kikawa kinakua. Wakati huo huo mtu wa dawa ya usingizi akasema mapigo yametoka 96 yako 128, presha 84 kwa 50. Damu haikuwa imekata, ilikuwa imebadilisha njia, inatokea nje ya kizazi.

Tumbo likafunguliwa. Upande wa kushoto wa kovu, kama sentimita tatu kutoka katikati, hapakuwa na nyama. Palikuwa na utando tu, mwembamba unaona mwanga, umetokeza chini ya kibofu na umepasuka. Kibofu kikashushwa taratibu, kikawa kizima alhamdulillahi. Mshipa mkubwa wa kizazi wa kushoto ukafungwa, kingo za kovu zikakatwa mpaka nyama nzima, zikashonwa tabaka mbili. Damu iliyopotea ilikadiriwa mililita 1,700. Alipewa painti zote nne, ile ya nne ilikuwa bado inaning'inia wakati nyuzi za mwisho zinafungwa. Ya tano haikuwepo Malindi nzima, tulishauliza.

Baada ya hapo

Kizazi kilibaki. Siku ya pili Hb 8.9, siku ya sita akaenda nyumbani na vidonge vya madini ya chuma. hCG ilipimwa kila wiki ikafika sifuri wiki ya sita. Alichagua kipandikizi cha mkono. Maumivu ya moyoni yalichukua muda mrefu kuliko kidonda, sista yule yule alikuwa anampigia simu kila wiki, na mimi naona hiyo nayo ni matibabu ingawa haina mahali pa kujazwa kwenye fomu.

Uchambuzi: picha ilitusaidia wapi

Bila skani ya ndani angenyonywa kwa MVA kwenye chumba cha pembeni, dripu moja, damu hakuna hata painti moja iliyopimwa naye. Hapo sidhani angetoka. Kwa hivyo lile la kwanza, kujua mimba iko wapi kabla mtu hajagusa, ndilo lililomwokoa.

Lile la pili ni namba. Ukuta wa 1.8 ndio uliofanya zitafutwe painti nne badala ya mbili, na ndio uliofanya tumbo lipakwe dawa mapema, tukaokoa dakika zile za kuhangaika. Nyembamba ni kiasi gani? Mwongozo wa wataalamu wa China wa 2016 unakata kwenye milimita 3: juu ya hapo ni aina ya kwanza, 3 kushuka chini ni ya pili, na ikiwa 3 kushuka chini na kifuko kimetokeza kuelekea kibofu ni ya tatu, ambayo ndiyo ya kuogopwa zaidi. Kabla yake, mwaka 2000, ziligawanywa mbili tu, inayoelekea ndani na inayoelekea nje. Mimi naupenda huu wa China kwa kazi yetu kwa sababu unampa mpasuaji kitu cha kuamulia.

Lakini ukuta peke yake hautoshi na sitaki mtu aondoke hapa akiwa na milimita 3 tu kichwani. Kifuko kikubwa na wiki zilizosogea zinaongeza damu, kondo limeshajenga mishipa yake, kwa hiyo wiki 6 na wiki 9 si ugonjwa mmoja hata kama ukuta ni sawa. hCG iliyo juu inakwambia ile nyama ya kondo iko hai na ni nyingi. Upande kinakoangalia kifuko unakwambia ukuta uliobaki ni nyama au ni ngozi tu. Dopla inakwambia kuna mishipa, ila wingi wa ile rangi unategemea mashine na mkono wako, kwa hivyo ikiwaka sana iamini, ikiwaka kidogo usijipe raha. Viweke vyote pamoja kwenye ripoti, afu mpasuaji aamue.

Na la tatu, ambalo sikuwahi kulifikiria sana kabla ya siku hii, ni skani ya wakati wa operesheni yenyewe. Ndiyo iliyouweka mpira wa Foley mahali pake na ndiyo iliyoona damu ya kushoto kabla mapigo hayajapanda zaidi. Wapo wanaoona mtu wa skani kazi yake imeisha kifuko kikitoka. Mimi nasema kazi inaanza hapo.

Uchambuzi: nilipokosea

Jioni ile ile nilirudi kwenye mashine nikafungua klipu nilizohifadhi. Kwenye moja, wakati nazungusha probu kutoka katikati kwenda pembeni, ukuta upande wa kushoto unapotea kwa sekunde moja na mstari wa kibofu unanyanyuka. Ilikuwepo. Mashine iliiona, mimi niliipita nikienda kutafuta ile picha nzuri ya katikati.

Nilipima mara tatu na nikajiona makini. Mara tatu mahali pale pale ni kipimo kimoja. Kovu la operesheni ni mstari wa kulala, unatoka kushoto kwenda kulia, na mimba inaweza kukaa popote juu ya huo mstari, tena sehemu nyembamba kuliko zote mara nyingi iko kwenye kona. Kizazi cha mwezi wa tisa kawaida huwa kimezunguka kidogo kuelekea kulia, mkato ukifanywa bila kukirudisha unakwenda zaidi kushoto. Na operesheni inayofanywa njia ikiwa imefunguka yote, kichwa cha mtoto kimezama, kona za mkato huchanika kwa urahisi mtoto akitolewa. Historia ya huyu mama ilikuwa imeshanielekeza kushoto, sikuisoma. Nilipomuuliza siku ya nne wodini kama operesheni ya kwanza aliambiwa chochote, akajibu mara moja, "Eee, walisema palichanika kidogo upande mmoja." Swali la sekunde tano.

Kwa hivyo mimba niliyoiita inaelekea ndani, aina ya pili, ukweli ilikuwa inaelekea ndani ikiwa katikati na imetokeza nje ikiwa kushoto, aina ya tatu. Konsaltanti alikuwa ameshasema kwa mdomo wake angefanya nini na aina ya tatu. Angekwenda Mombasa mchana ule, hali yake ikiwa nzuri, na friji la damu lenye zaidi ya painti nne. Uamuzi wa kumfanyia hapa haukuwa mbaya, ulikuwa uamuzi mzuri juu ya namba isiyokamilika, na namba ilikuwa yangu. Nimelia kwa hilo. Konsaltanti hakunilaumu, alikaa nami tukatazama klipu pamoja mara nne.

Watu wameniuliza, si angepelekwa MRI, ile picha ya mashine ya sumaku? Iko Mombasa, ina foleni na ina gharama, na kwa mimba nyingi za kovu skani nzuri ya ndani inatosha kujua na kupima, MRI inafaa pale mipaka haieleweki au unashuku kibofu kimeguswa. Ingeonyesha kushoto, naamini hivyo. Lakini probu niliyokuwa nayo mkononi nayo ilionyesha, kwa hiyo sitajificha nyuma ya MRI.

Kitu kingine tulichokosa ni damu ya akiba. Painti nne zilitosha kwa bahati. Ukuta chini ya milimita 2 na rangi imewaka, siku hizi tunauliza sita, na kama sita hazipatikani hilo peke yake linahesabika kama sababu ya rufaa.

Tunavyofanya sasa

Kila mama mwenye kovu anayekuja na mimba changa, awe anavuja au havuji, napima ukuta kushoto, katikati na kulia, afu nageuza probu kulala niuone mstari wote wa kovu kwa upana wake. Ripoti inabeba namba zote tatu na ile ndogo inapigwa mstari, kifuko kinaangalia wapi kila upande, na kibofu kilikuwa na mkojo kiasi gani wakati wa kupima. Naandika pia operesheni ngapi, ya mwisho lini, na kama aliambiwa palichanika. Namwita mpasuaji aje aone skirini mwenyewe kabla sijachapisha.

Ile kliniki ya skani ya kwanza nilikwenda, si kwa ugomvi. Dada anayefanya pale yuko peke yake, probu ya ndani iliharibika muda mrefu na hakuna aliyemwambia mimba ya kovu inafananaje. Tukatazama picha zake za siku ile, kifuko kimekaa nyuma ya kibofu wazi kabisa ukishajua. Tangu hapo akiona kifuko kimekaa chini kwa mama mwenye kovu haandiki mimba inatoka, ananitumia picha na anampa nauli ya tuktuk aje. Ameshanitumia watatu. Wawili mimba zilikuwa mahali pake, mmoja alikuwa wiki 5 na siku 6, ukuta milimita 4 katikati, 3.6 kulia, 2.7 kushoto. Huyo alipelekwa Mombasa siku hiyo hiyo akiwa anatembea kwa miguu yake, na alirudi na kizazi chake bila kuongezwa damu.